Kosa Lililokuwa Mshahara Wangu

Ujumbe wa benki uliingia saa tisa na dakika kumi usiku, nikiwa zamu. Ilikuwa mwisho wa Julai, na anayeijua Dodoma ya Julai anaujua upepo wake: unapiga bati la kibanda cha mlinzi mpaka unadhani kuna mtu anagonga geti. Nilikuwa nyuma ya kaunta ya mapokezi ya hoteli, khanga mbili juu ya sare, miguu nimeikunja kwenye kiti. Simu ikatetemeka. Nikasoma: shilingi 366,000.

Mshahara wangu wa mwezi mtupu, yaani mwezi usio na ovataimu, ni 369,360. Namba hiyo naijua kuliko namba yangu ya NIDA. Ndiyo ninayoigawa kwa kodi ya chumba Nkuhungu, mchezo wa elfu hamsini na wenzangu, ada ya mtoto, na kidogo cha kutuma kwa mama Bahi. Ikipungua nasikia, kama unavyosikia ulimi ukigusa pengo.

Kilichopungua kilikuwa shilingi 3,360. Ukienda nayo soko la Majengo hupati hata nusu kilo ya nyama. Na ndiyo maana nilitaka kuiacha. Kuuliza mshahara wako mwenyewe kuna aibu yake, sijui ilitoka wapi. Unaingia kwa mhasibu na uso wa mtu anayekwenda kukopa. Halafu uulize kwa ajili ya 3,360? Utaitwa nani baada ya hapo? Pale kazini kuna jina la watu wa namna hiyo: mjuaji. Mjuaji mkataba wake ukiisha hausainiwi haraka.

Nisijisifu, kwa hiyo. Kilichonisukuma kukokotoa haukuwa ujasiri, ulikuwa usiku mrefu. Bunge la bajeti lilikuwa limeshaisha, wageni waliojaza vyumba vyetu tangu Aprili wamesharudi kwao, na kati ya saa tisa na saa kumi na mbili asubuhi hakuna kitu cha kufanya mapokezi ila kutazama geti. Nikachukua karatasi ya nyuma ya fomu ya wageni na kalkuleta ya kaunta.

Hesabu yenyewe si ya chuo kikuu. Mshahara wa mkataba ni 420,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanakata asilimia 10, yaani 42,000, na mwajiri anaweka kiasi kama hicho upande wake. Kinachobaki, 378,000, ndicho kinachotozwa kodi, si 420,000. Hapo ndipo wengi tunapopotea, kwa sababu kwenye karatasi mistari hiyo miwili imekaa kama ndugu, mmoja juu ya mwenzake, wakati mmoja lazima utangulie. Kwenye jedwali la TRA, mamlaka ya mapato, shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi. Kinachozidi hapo mpaka 520,000 kinakatwa asilimia 8. Ilikuwa 9 mpaka walipoishusha mwaka 2021. Kwa hiyo 378,000 toa 270,000 ni 108,000, na asilimia 8 yake ni 8,640. Hiyo ndiyo kodi yangu ya kila mwezi mtupu.

Sasa jaribu kuikata kodi kabla ya kutoa NSSF. 420,000 toa 270,000 ni 150,000. Asilimia 8 yake, 12,000. Tofauti ya 12,000 na 8,640?

Kalkuleta ilipoandika 3,360 nilicheka kwa sauti. Mlinzi akachungulia dirishani kuona nacheka na nani.

Kwa hiyo haikuwa mtu kunionea. Mwezi ule tulikuwa tumepata mhasibu mpya na programu mpya ya mishahara, na mahali fulani ndani ya programu hiyo kuna kisanduku kilichowekewa tiki pasipostahili. Ningeweza kuishia hapo. Lakini asubuhi, kabla ya kulala, nilitoa ile bahasha ya kaki niliyokuwa natupia salari slipu zangu, nipate za miezi ya nyuma za kumwonyesha. Nikaanza kuzisoma, na nina maana kuzisoma kweli, kwa mara ya kwanza katika miaka minne.

Sisi tunaisoma salari slipu kama tulivyokuwa tunasoma ripoti ya shule: unaruka masomo yote, unatafuta chini umekuwa wa ngapi. Mimi nilikuwa naangalia mstari wa mwisho tu. Siku ile jicho likasimama kwenye mstari wa Mei: ovataimu, saa 38, shilingi 88,654.

Mei kwetu ni mwezi wa mavuno. Bunge liko katikati ya bajeti za wizara, kila chumba kina mtu, na kuna wengine wanaomba wawekewe godoro chini. Unaingia saa moja asubuhi, mwenzako wa jioni anapiga simu kuwa mtoto anaumwa, unaunganisha. Wageni wetu wanakaa mezani wanabishana mabilioni, nami nawaongezea chai huku nahesabu saa. Saa 38 nazikumbuka zote, miguu inazikumbuka zaidi. Ile 88,654 ilipoingia niliiona kubwa, nikamshukuru Mungu, nikanunua mtungi wa gesi.

Gawanya 88,654 kwa 38 unapata 2,333 kwa saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Mara moja na nusu waliiweka, sikatai. Tatizo lilikuwa saa ya kawaida yenyewe wameipataje. Nilihangaika nalo mpaka usingizi ukaniruka. 420,000 gawanya kwa siku 30 ni 14,000. 14,000 gawanya kwa saa 9 ni 1,556. Zidisha moja na nusu, 2,333. Nimekupata!

Mwezi una siku 30, nani atabisha. Lakini mimi si mtu wa siku 30. Ukizidisha 30 kwa 9 unapata saa 270, na hakuna mkataba halali wa saa 270 za kawaida kwa mwezi. Hata punda wa Kibaigwa anapumzishwa Jumapili. Kiwango cha juu cha saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Sheria hiyohiyo ina jedwali nyuma, na jedwali linasema ukitaka kujua wiki moja ndani ya mshahara wa mwezi gawanya kwa 4.333, kisha gawanya kwa saa za wiki. Kwa mtu wa saa 45 hiyo ni kama saa 195. 420,000 kwa 195 ni shilingi 2,154 kwa saa, na ya ziada ni 3,231. Saa zangu 38 za Mei zilikuwa na thamani ya 122,778. Nilipewa 88,654. Pungufu: 34,124.

Nilikaa kitandani na kalkuleta mkononi, jua limeshapanda. Kosa la 3,360 lililoingia juzi nililiona usiku uleule. Kosa lililokula 34,124 kwa mwezi mmoja nilikuwa nimeishi nalo miaka minne nikiliita mshahara. Lilikuwepo siku niliyoajiriwa, likanipokea mlangoni, nikalizoea kama mtu anavyozoea nyumba yenye ngazi moja iliyopinda. Na si mimi peke yangu. Ile hesabu ya siku 30 ilikuwa ya kila mtu: jikoni, usafi, ulinzi, dobi.

*

Wa kwanza kumwambia alikuwa mpishi wetu mkubwa, mama wa Kigogo kutoka Mvumi ambaye sote tunamwita Mama Mkubwa. Nilimkuta anachambua mlenda. Shikamoo, marahaba, mbukwenyi, hali ya mwili, ya watoto, ndipo nikamwonyesha karatasi. Akakausha mikono, akaitazama muda mrefu.

“Sasa mwanangu, hapa tumeibiwa au tumekosewa?”

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwezi ule. Nikamwambia nadhani tumekosewa, na kosa limerithiwa. Kila mhasibu anayekuja anakopi faili la aliyeondoka.

“Haya. Na hii yangu je?” Akatoa slipu yake kwenye pochi, imekunjwa mara nne. Kidole chake kikaenda kwenye mstari ulioandikwa “makato mengineyo”, 6,000. Kila mwezi, 6,000. Alipouliza zamani aliambiwa ni vyombo: glasi na sahani zinazovunjika zinagawanywa kwa watu wote wa jikoni. Mama Mkubwa hajavunja hata kikombe tangu nimjue. Hakuwahi kusaini popote.

Hili liliniuma kuliko la kwangu, na hapa sheria ni kali kuliko tunavyodhani. Mwajiri hakati tu. Anakata kinachoruhusiwa na sheria, amri ya mahakama, makubaliano ya pamoja na chama cha wafanyakazi na mfano wa hayo, au deni ambalo wewe mwenyewe umelikubali kwa maandishi. Na likiwa ni hasara, chombo kimevunjika, lazima ionekane hasara imetokea kazini kwa kosa lako, usikilizwe, makato yasizidi hasara yenyewe, na jumla yake isizidi robo ya mshahara. “Makato mengineyo” ya watu tisa kwa glasi asiyejulikana aliyeivunja hayapiti hata kwenye sharti la kwanza. Neno “mengineyo” kwenye slipu, kwa maoni yangu, lipigwe marufuku. Sheria inadai karatasi ioneshe kilichokatwa na sababu yake. “Mengineyo” si sababu.

Nikaweka picha ya hesabu yangu kwenye kundi letu la WhatsApp. Watu ishirini na wawili wakaisoma. Wanne wakaweka dole gumba. Mmoja akauliza kama kuna mtu anauza kuku wa kienyeji.

*

Kwa mhasibu nilikwenda Jumanne, si Jumatatu. Jumatatu mhasibu yeyote ana uso wa mtu anayefukuzwa na nyuki. Kijana mdogo kwangu, mpole, anatokea Singida. Nikaanza na lile dogo, 3,360.

“Dada, kompyuta ndiyo inakokotoa,” akasema. “Mimi naingiza tu.”

Sentensi hiyo jiandae nayo, utaambiwa popote pale. Sikumbishia. Nikamwomba anifungulie ukurasa wangu, nikamwekea karatasi pembeni ya kioo: mstari wa kwanza 420,000, wa pili toa 42,000, wa tatu kodi. Akafuata kwa kalamu. Alipofika mstari wa tatu kalamu ikasimama. Akarudi kwenye programu, akabofya huku na kule, kisha akajishika kichwa. “Nimewakata wote.” Lilikwisha ndani ya dakika kumi, na Agosti kila mtu alirudishiwa chake.

Nikaona niendelee chuma kikiwa cha moto. La ovataimu lilikuwa jingine. “Hiyo ndiyo fomula ya hapa,” akasema, na sauti yake ikabadilika. “Nimeikuta.” Nikamwelewa. Kurekebisha tiki ni kazi yake. Kubadili fomula ni kuongeza bili ya mishahara ya bosi, na yeye hata miezi miwili kazini hajamaliza. Akaniambia niandike.

Niliandika nusu ukurasa kwa meneja. Nimeshaona barua za wenzangu: zinaanza na heshima na taadhima, katikati zinalia, mwishoni zinatishia. Yangu haikuwa na neno dhuluma wala neno haki. Ilikuwa na tarehe, miezi mitatu ya Aprili, Mei na Juni, saa 21, 38 na 33, kiwango kilicholipwa, kiwango cha jedwali, na tofauti: saa 92 mara 898, shilingi 82,616. Nikaambatanisha nakala za slipu na picha za rosta na kitabu cha mahudhurio. Hizo picha nilizipiga mapema, kabla sijamwambia mtu. Sikuwa namdhania mtu ubaya, ila vitabu vya mahudhurio vina tabia ya kujaa na kwenda stoo, na stoo yetu ina mchwa. Nakala nyingine nikaigongesha mhuri wa “imepokelewa”, nikaenda nayo nyumbani.

Asilimia 5 ya saa za usiku, inayohesabiwa kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, niliiacha kwa makusudi. Sisi tunapewa mkononi 5,000 ya jumla kwa mwezi wanayoiita posho ya usiku, na kwa zamu zangu haitoshi. Lakini ukimpelekea mtu madai manne kwa siku moja hasikii hata moja. Naijua, ipo kwenye bahasha.

Wiki mbili kimya. Nane Nane ikaja, maonyesho ya Nzuguni yakajaza tena vyumba, meneja akawa ananipita kaunta akisalimia kalenda. Hapo ndipo nilipokwenda kumwona afisa kazi wa mkoa, siku yangu ya mapumziko, bila kumwambia meneja. Sikwenda kushtaki, nilikwenda kuuliza. Alitaka kuona vitu vitatu: mkataba, slipu, rosta. Akazipanga mezani, kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea: leo ni tarehe ngapi?

Kumbe siku zinahesabiwa. Mgogoro ukipelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ule wa kuachishwa kazi una siku 30, na mingine kama huu wangu ina siku 60 tangu ulipotokea. Mishahara ya Aprili na Mei ilikuwa imeshapita muda wake. Ningelazimika kwanza kuomba nisamehewe kuchelewa na kueleza sababu. Wa Juni ulikuwa na wiki mbili na kitu. Na ile miaka yangu mitatu ya kabla ya hapo? Alitabasamu tu kwa huzuni, akanipa fomu namba moja ya CMA nikaijaze nyumbani. Hatua ya kwanza huko ni usuluhishi, mnakaa meza moja na msuluhishi, si mahakama kama nilivyokuwa naogopa.

Sikuijaza. Nilirudi kazini, nikamwambia meneja ukweli ulivyo: mzee, nimeambiwa nina mpaka mwisho wa mwezi huu, na mimi sitaki kwenda, nataka tuliongee hapa. Sikupandisha sauti. Aliniangalia, akaniuliza fomu iko wapi. Nikasema nyumbani. Siku mbili baadaye alituita wote. Fomula ikabadilishwa kuanzia Agosti, na ile miezi mitatu ya Bunge ikakubaliwa kulipwa kwa kila mtu. Ya nyuma haikutajwa na yeyote, hata mimi. Nilikuwa nimechoka, na najua kuna atakayesoma hapa aseme ningekaza. Labda.

“Makato mengineyo” yalitoweka kwenye slipu ya Mama Mkubwa bila maelezo, kama yalivyokuja. Ya zamani hayajarudi.

*

Mshahara wa Agosti uliingia Ijumaa jioni. Nilikuwa nategemea kupata malimbikizo yangu, yakatwe NSSF na kodi kama pesa nyingine, na siku ya Nane Nane iliyolipwa mara mbili kama sikukuu inavyotakiwa. Nilikuwa nimeshakokotoa, bila shaka. Kilichoingia kilizidi. Nikafungua slipu, nikaenda moja kwa moja kwenye kodi, kwa sababu siku hizi ndipo ninapoanzia, nikakuta sehemu ya hela yangu imevuka 520,000 na kuanza kukatwa asilimia 20. Nikapanda juu. Mstari wa sita: malimbikizo ya ovataimu, 82,616. Mstari wa nane: marekebisho, 82,616.

Wamenilipa mara mbili.

Ijumaa usiku niliipangia ile hela mabati. Jumamosi nikaipangia ada. Jumapili baada ya ibada nikajiambia kwamba, ukihesabu ile miaka mitatu ambayo haikutajwa, bado wao ndio wanaodaiwa, na hesabu hiyo ilikuwa sahihi kabisa, nimeirudia mara tatu. Jioni nikapita jikoni, nikamwonyesha Mama Mkubwa. Ya kwake ilikuwa mara moja tu.

Akaisoma mistari yote, kutoka juu, kidole kikishuka polepole kama nilivyomfundisha. Kisha akanirudishia simu, akageukia sufuria yake.

“Kesho si Jumatatu?” akasema. “Basi Jumanne nenda. Na kalkuleta ileile.”